Shule za Jiji la Arusha, za Kibosho na za Longido: Mzazi Anapata Nini Kila Mahali

Katika miji yetu ya Kaskazini imejengeka imani kwamba shule nzuri iko mjini, na kwamba kumpeleka mtoto shule ya kijijini ni kumpunguzia maisha. Kwa imani hiyo wazazi wa Arusha hupanga vyumba wasivyovimudu, hukopa kwenye vikoba kila Januari na humwamsha mtoto wa miaka sita kabla ya jogoo. Mimi nina mtoto katika shule ya msingi jijini, kaka yangu ana watoto wawili katika shule ya Serikali huko Kibosho, Moshi Vijijini, na shemeji yangu ni mwalimu wilayani Longido. Kwa hiyo nimeingia na kutoka katika shule za pande zote tatu, nimekaa kwenye vikao vya wazazi na nimepekua madaftari. Naacha majina ya shule hizo, kwa sababu ninachopima ni huduma anayoipata mtoto, si sifa ya mwalimu mkuu mmoja. Tathmini hii inahusu zaidi elimu ya msingi.

Kwanza, mzazi anayelinganisha shule za mjini na za nje ya mji aelewe kwamba nje ya mji si mahali pamoja. Jijini Arusha, hasa katika kata zinazokua kwa kasi kama Muriet na Terrat, walimu wapo lakini vyumba havitoshi. Longido vyumba vinaongezeka lakini walimu hawatoshi. Kibosho vyumba vipo na walimu wapo, na wanaopungua ni watoto. Kila upande una sababu zake, na sababu hizo ndizo zinazoamua mtoto wako atakaa wapi, atafundishwa kwa muda gani na kazi yake itasomwa na nani.

Nianze na shule za Serikali za pembezoni mwa jiji. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, na huku familia zikihamia viwanja vya bei nafuu kuelekea Kwa Mrombo na kwingineko, shule hizi zimepokea watoto wengi kuliko zilivyojengewa. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Katika darasa la kwanza nililoliingia, idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo: watoto wanne hadi watano kwenye dawati la watatu, wengine wamekaa sakafuni karibu na ubao, na mwalimu hana njia ya kupita kwenda kuangalia kazi ya aliyekaa nyuma. Baadhi ya shule hulazimika kusoma kwa zamu, wadogo asubuhi na wengine mchana, jambo ambalo kwa mama anayeuza mboga soko la Kilombero lina maana kwamba mtoto hukaa nyumbani peke yake nusu ya siku.

Hata hivyo walimu wa shule hizi si dhaifu, na ni dhuluma kuwasema hivyo. Wengi ni wazoefu waliohamia jijini kuwafuata wenzi wao, na kwa sababu hiyo shule ya mjini huwa na mwalimu wa kila somo, huku shule ya mbali ikiwa na walimu wanne kwa madarasa saba. Kinachowashinda ni hesabu ya kawaida kabisa. Mwalimu mwenye wanafunzi 120 akimpa kila mmoja dakika mbili za kusahihisha, anahitaji saa nne kwa somo moja, na ana masomo zaidi ya moja. Matokeo yake yanaonekana kwenye madaftari. Jirani yangu ana binti wa darasa la tatu katika shule ya aina hiyo, na nilipolifungua daftari lake la Kiswahili nilikuta kila ukurasa umepigwa vema moja kubwa nyekundu, hata ukurasa wa imla ambao mtoto ameandika "samba" mahali pa shamba na "ngombe" bila king'ong'o. Hakuna aliyemwonyesha kosa, na mama yake, akiziona vema hizo, ameridhika kwamba binti anafanya vizuri.

Jumamosi moja nikiwa kwa kaka yangu Kibosho nililifungua daftari la mtoto wake, naye wa darasa la tatu. Mwalimu alikuwa amezungushia herufi moja moja. Pembeni aliandika kwa mkono mzuri, "Rudia sentensi ya tatu, anza na herufi kubwa." Chini yake mtoto alikuwa ameirudia sentensi hiyo, na chini ya marudio hayo kulikuwa na saini ya mwalimu na tarehe. Darasa lile lilikuwa na watoto wasiofika 30. Mwalimu yule anajua nani ana tatizo la kusoma, nani amekuja bila kunywa chai na nani anasukumiwa kazi na dada yake. Shule za jijini zinazotoa uangalizi wa namna hiyo zinaulipisha kwa mamilioni, na hapa unatolewa bila ada.

Sababu ya Kibosho kuwa hivyo ni ya zamani. Wamisionari Wakatoliki na Walutheri walijenga shule kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye fedha za kahawa, kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa uliosajiliwa mwaka 1933, ziliwawezesha wazazi kuendeleza shule na kusomesha watoto wao. Kwa hiyo karibu kila kijiji cha mlimani kina shule, na nyingine ziko umbali wa kusikiliana kengele. Wakati huo huo vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, vijana wameteremka kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na familia zimekuwa ndogo. Shule zilizojengwa kwa ajili ya ukoo mzima sasa zinafundisha wajukuu waliobaki na bibi zao.

Hapo ndipo upungufu wake unapoanza, na mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto mlimani aupime kwa uzito wake. Ruzuku ya uendeshaji hufuata idadi ya vichwa: Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo Sh4,000 ni za vitabu na Sh6,000 huingia shuleni. Shule yenye watoto 150 hupata basi Sh900,000 kwa mwaka, yaani Sh75,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Bati la jengo la miaka mingi halijui kwamba wanafunzi wamepungua, linavuja vilevile. Katika shule ya watoto wa kaka yangu kuna chumba kimefungwa kwa sababu dari imeoza, na wazazi wanachangishana kila mwaka bila kufikia kiasi kinachotakiwa. Ruzuku inayohesabu vichwa peke yake inaiadhibu shule ndogo, na naamini utaratibu huo unastahili kuangaliwa upya na wenye mamlaka.

Upungufu wa pili ni wa kifamilia. Mtoto anayepelekwa Kibosho mara nyingi hupelekwa kwa bibi, na bibi wa miaka 70 hawezi kumsaidia hesabu za sehemu wala kufuatilia anakopita jioni. Kaka yangu anaishi hukohuko na mkewe, kwa hiyo watoto wake wanapata shule nzuri na wazazi pamoja. Simshauri mzazi wa Arusha kununua darasa dogo kwa gharama ya kumwona mwanawe Pasaka na Krismasi tu. Wakati wa masika, pia, njia za udongo huteleza kiasi kwamba watoto hufika wamelowa hadi magotini na hukaa na baridi hadi mchana, hivyo sweta nzito na viatu vya mvua ni sehemu ya mahitaji ya shule hata kama hayakuandikwa kwenye fomu.

Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza jijini ndizo zinazovuta macho ya wengi, na haki itendeke: zile nzuri zina madarasa yenye nafasi, vitabu vya kutosha, na mtoto wa darasa la nne anayeweza kueleza jambo kwa Kiingereza bila woga. Hilo ni faida ya kweli, kwa kuwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa shule ya Serikali hukutana na mageuzi ya ghafla anapoingia kidato cha kwanza. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umelirudisha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza kwa shule zote, lakini kipindi cha mwalimu mmoja mbele ya watoto mia hakiwezi kulingana na mazingira ya shule inayoitumia lugha hiyo kutwa nzima. Ieleweke pia kwamba mchepuo wa Kiingereza si mali ya shule binafsi pekee. Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, leo ni shule ya Serikali inayofundisha kwa lugha hiyo.

Nisichokikubali katika nyingi ya shule hizi ni muda wa mtoto. Basi la shule hupita mtaani kwetu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, likiwa limeanza kuzunguka mapema zaidi, na humrudisha mtoto jua likizama. Mtoto wa darasa la pili hupakatwa kwenye kiti na mwenzake, akiwa usingizini, kwa mwendo ambao angeweza kuumaliza kwa miguu kama angesoma shule ya karibu. Akifika nyumbani kuna kazi za masomo manne, na ukweli ni kwamba kazi hizo hufanywa na mama. Usalama nao si jambo la kupita haraka. Mei 2017 tulizika watoto 32 wa darasa la saba, walimu wawili na dereva baada ya basi lao kutumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Kila mzazi wa jiji hili anakumbuka alikuwa wapi aliposikia. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kwenda kulitazama basi kabla ya kulipa ada: matairi, mikanda, idadi ya watoto wanaopakiwa, na kama kuna mhudumu mtu mzima anayeshuka nao.

Kuhusu matokeo, mzazi asome kwa uangalifu. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, uamuzi ambao mimi nauunga mkono, lakini mabango ya barabarani yanaendelea kutangaza "wote daraja A". Hata wakati orodha zilipotangazwa, Baraza lilizitenganisha shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi, kwa sababu si haki kuishindanisha shule ya watahiniwa 18 na ya watahiniwa 200. Hesabu ambayo mabango hayaionyeshi ni ya watoto walioondoka njiani. Shule moja jijini ilimwambia rafiki yangu, mwanawe akiwa darasa la sita, kwamba ama arudie darasa ama atafutiwe shule nyingine, kwani wastani wake ungeiharibia shule. Alikuwa amelipa ada miaka sita. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu mkuu ni hili: walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa darasa la saba katika kundi hilohilo walikuwa wangapi? Akijibu kwa takwimu, mwamini. Akianza kuonyesha vikombe vilivyopangwa ofisini, endelea kutafuta.

Longido inahitaji mizani tofauti kabisa. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Monduli mwaka 2007, ina vijiji vilivyosambaa kuelekea Ketumbeine na Gelai, na mtoto anaweza kutembea saa nzima au zaidi kwenye nyika yenye wanyama kabla ya kufika shuleni. Kwa ajili ya watoto wadogo wa maeneo ya namna hiyo zimejengwa shule shikizi, ambazo hufundisha awali na madarasa ya mwanzo karibu na boma. Katika vyumba 15,000 vilivyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021/22, vyumba 3,000 vilikuwa vya shule shikizi. Nimeiona moja. Vyumba viwili safi, madawati mapya, na mwalimu mmoja aliyekuwa akipita kutoka chumba kimoja kwenda kingine, akiacha kundi la kwanza likiimba silabi wakati anaandika hesabu kwa kundi la pili.

Shemeji yangu alinieleza jambo ambalo limebadilisha namna ninavyosoma matokeo ya wilaya za wafugaji. Mtoto wa Muriet anafika darasa la kwanza akiwa anazungumza Kiswahili tangu alipoanza kusema. Mtoto wa Ketumbeine anafika akizungumza Kimaasai, na mwalimu wake, aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine, hajui hata kumwambia akae. "Shemeji, mwaka wa kwanza wote sifundishi kusoma," aliniambia, "nafundisha kusikilizana." Mtoto huyo atajifunza kusoma na kuhesabu kwa lugha ya pili, kisha sekondari atakutana na lugha ya tatu. Wazazi wa jijini wanaolipa ili watoto wao wafundishwe kwa lugha isiyozungumzwa nyumbani wana vitabu, televisheni na twisheni za kumsaidia mtoto kuvuka. Mtoto wa Ketumbeine anavuka bila hivyo. Akipata daraja C, nafsi yangu inaihesabu kuwa kazi kubwa kuliko A nyingi za mabango.

Kinachowaweka watoto shuleni huko ni chakula na bweni. Shule inapokosa mahindi mahudhurio hushuka ndani ya wiki, na ukame unapohamisha mifugo watoto wa kiume huhama nayo. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa mjini naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, kwani mtoto wa miaka mitano hana sababu ya kulala shuleni umbali wa kifodi (daladala ndogo) kimoja kutoka kwa mama yake. Kwa Longido bweni lenye maji, matroni na ulinzi linaweza kuwa ndilo linalomwezesha binti kumaliza darasa la saba, kwa hiyo utoaji wa vibali uwe mwepesi pale palipo na haja ya kweli. Na walimu wajengewe nyumba. Mwalimu anayelala kwenye chumba cha kupanga cha mabati, mbali na maji, ataomba uhamisho kuja Arusha hata kama anawapenda watoto hao, na shemeji yangu tayari ameshajaza fomu.

Kwa upande wa sekondari mlinganyo unageuka kidogo. Shule za Serikali zinazotamaniwa zaidi katika mikoa hii miwili zimejengwa pembeni ya miji au mbali nayo: Ilboru, shule ya wavulana wenye vipaji maalumu, iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na si ya Jiji, na Umbwe iko hukohuko Kibosho. Wanafunzi huzifikia kwa ufaulu, si kwa anwani ya nyumbani. Wengi, hata hivyo, huishia shule za kata, na hapo jiji lina nafuu ya dhahiri, kwa kuwa mwalimu wa fizikia au hesabu ni adimu kila mahali lakini mjini anaweza kupatikana hata kwa masomo ya ziada jioni, na mwanafunzi anaweza kutafuta kitabu dukani. Katika shule ya kata ya mbali, kukosekana kwa mwalimu mmoja wa hesabu ni miaka minne bila hesabu.

Kwa mzazi anayeuliza afanye nini, jibu langu kwa darasa la kwanza hadi la nne ni shule iliyo karibu na anapoishi, mradi idadi ya watoto darasani inamruhusu mwalimu kusoma daftari. Kwa anayeishi Kibosho, Marangu au Machame, shule ya Serikali ya kijijini kwake inamtosha, na fedha za ada ya mjini zitafanya kazi zaidi zikinunua vitabu vya hadithi vya Kiingereza na kuchangia bati. Kwa anayeishi Muriet na hana uwezo wa shule binafsi, asihamishe mtoto kwa kukata tamaa. Akae naye nusu saa kila jioni na lile daftari lenye vema, amsomeshe imla upya, na aende kwenye kikao cha wazazi kudai vyumba. Kwa mwenye uwezo, shule binafsi ya mwendo mfupi ina thamani kuliko ile maarufu iliyo upande wa pili wa jiji.

Anayeamua kuhamisha mtoto aanze mapema. Shule inayompokea ithibitishe nafasi kwa maandishi, mwalimu mkuu wa shule ya sasa aanzishe uhamisho, maofisa elimu wa halmashauri zote mbili wahusike, na taarifa zihamishwe kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambao humfuata mtoto kwa namba yake. Wakati mzuri ni likizo ya Desemba, na darasa zuri ni kabla ya la nne au mara tu baada yake, kwa sababu mwaka wa darasa la nne una upimaji wa kitaifa na usajili wake hautaki mtoto aliye njiani. Kabla ya kutia saini popote, fika shuleni siku ya kawaida saa nne asubuhi bila kuaga, msalimie mwalimu wa zamu, na umwombe uone daftari moja la Kiswahili na moja la hesabu, ya mtoto yeyote.